Mlenda Mvivu

Ndoo ya tatu. Udongo wa jiko la watu nisiowajua
naukoroga kwa mkono, kama nikorogavyo togwa.
Mchanga unazama, mfupa unazama,
na kilichoungua kinapanda juu chenyewe.
Nani angedhani moto ndio ungetunza?

Kikombo, mwezi wa nane, pua zimejaa vumbi.
Nyemo anakinga kitambaa, mimi nashika daftari:
shimo la pili, kina cha mkono na shubiri.
Daktari Chilongani ameinamia darubini.
Uwele, anasema. Uwele. Mtama. Uwele.
Nusu ya mbegu ya ubuyu.
Kisha kimya, chai yake inapoa,
na sauti ya chini, kama ya mwenye deni:
"Hii siijui."

Nikachungulia. Nyeusi, ndogo kuliko chawa wa kuku,
ina pembepembe, upande mmoja umebonyea.
Mimi naijua. Imenikwama menoni tangu utoto.
Huu ni mlenda usioota nyuma ya jembe;
hungoja jembe lisahau,
misimu miwili, mitatu, ardhi igeuke ubavu wa pili,
ndipo utoke.

Bibi yangu Sechelela alilaza konde lake hivyo.
Bwana shamba akaja na kofia na kamba ya matuta,
akaona magugu, akaona mwanamke amekaa.
Akaandika: *mvivu*.
Faini, mbuzi mmoja, tena mwenye mimba.
Tangu siku ile nyumbani kwetu mboga hiyo
tuliiita mlenda mvivu, tukaila tukicheka,
bibi akicheka kutuzidi, mkono ukiwa bado chunguni.

Sasa Chilongani anahesabu: kumi na saba, kumi na tisa,
tabaka juu ya tabaka, jivu juu ya jivu.
Walilima wakaacha. Wakarudi. Wakaacha tena.
Nyemo anauliza kama leo tutalipwa mapema.

"Niandike jina gani?" Kalamu yake iko juu ya kichupa.
Nikamtajia. Akaniangalia kama namtania.
"Andika," nikasema, "hivyohivyo.
Limeshaandikwa mara moja, halikutuua."

Ekari yangu ya bondeni msimu huu siigusi.
Balozi kashapita mara mbili kuuliza kama naumwa.