Tarehe Muafaka

Meza yangu iko nje ya mahakama ya Busia,
chini ya mwavuli wa kampuni ya simu iliyokwisha kufungwa.
Napiga chapa: talaka, mipaka ya mashamba, mbuzi wa jirani,
ukurasa shilingi hamsini, nakala kumi.
Kila lori liendalo getini hutikisa mashine,
ndiyo maana barua zangu
zina nukta mahali pasipo na kituo.

Consolata Nabwire alikuja Jumanne
na mfuko wa unga uliofuliwa hadi jina likafutika.
Akatoa stakabadhi. Akainyoosha kwa kiganja
kama apigaye pasi kola ya mtoto wa shule.
"Mwanangu Egesa," akasema, "alivuka kununua mayai."

Alivuka kihalali, kitambulisho mkononi,
foleni moja, chini ya bendera ya Jumuiya.
Ng'ambo akakuta watu wanapigwa sokoni.
Akainua simu.
Hilo tu. Akainua simu.
Gari lililomchukua halikuwa na namba.

Mayai yalirudi.
Siku ya tatu, trei tatu, kwa kamba ya katani,
na karatasi yenye mhuri wa bluu:
mayai tisini, mazima themanini na manane,
yaliyovunjika mawili.
Maana yai lina soko la pamoja,
lina itifaki, lina afisa wa kulipokea,
na likicheleweshwa mpakani kuna dawati la kulilalamikia.

Ninao Mkataba, ulioachwa na wakili aliyehamia Kakamega.
Kurasa za mwanzo haki za binadamu zimekaa vizuri,
zimevaa suti.
Geuza, geuza: mahakama kule Arusha
itapewa mamlaka juu yake
tarehe muafaka ya baadaye.
Nilikuwa darasa la sita neno hilo lilipotiwa sahihi.
Juzi nimeng'oa mvi ya kwanza kidevuni.
Muafaka kwa nani, sijapata kusoma.
Baadaye tunaijua: ndiyo tunayompa mtoto
anayelilia sukari, nasi tunajua kopo ni tupu.

Nasikia majaji wamegundua mlango wa uani.
Hawatamki haki za binadamu;
hubisha hodi kwa jina la utawala wa sheria, wakaingia.
Lakini mlango huo nao una kufuli:
miezi miwili tangu siku uliyojua.

"Ulijua lini, mama?"
Akahesabu kwa mabenchi.
Benchi la polisi, wiki tatu, njoo kesho.
Benchi la chifu, lenye mguu mmoja mfupi.
Benchi la ubalozi, alikouza kuku ili afike,
akaambiwa ofisa yuko semina,
semina ya haki.
Subira huvuta heri, walimwambia kote.
Akavuta subira, subira ikavuta siku,
na huu sasa ni mwezi wa nane.

Nikamsomea kifungu. Sikukipunguza makali.
Akaniangalia kama ninayempimia sukari pungufu.
"Kwa hiyo wao wana baadaye,
na mimi nina miezi miwili?"

Sina jibu la shilingi hamsini.

"Piga," akasema.
Tarehe niweke ipi?
"Ya leo. Kwani wewe unayo nyingine?"

Nikapiga. Jina la mwana, jina la babake,
shati alilovaa, la kijani, kifungo kimoja si chake.
Nilipokaribia mwisho akanishika kifundo cha mkono.
"Yale mawili yaliyovunjika hujayaweka.
Yaweke. Waliweza kuyahesabu."

Nikayaweka.
Lori likapita, la saruji, zito.
Nilipoichomoa karatasi nikaona, baada ya jina la Egesa,
nukta ambayo sikuipiga.
Nikaifuta kwa wino mweupe,
nikapuliza, nikangoja ikauke.