Robo Kilo

Muuzaji alikuja Jumanne, viatu vinang'aa,
akafungua katalogi juu ya meza ya kukatia ngozi.
"Hii vikombe mia kwa saa,
inasaga yenyewe, inajiosha yenyewe.
Na hii ya vidonge, dada, unabonyeza tu,
nusu dakika, kahawa mkononi."
Akapiga hesabu kwa kalamu yangu:
wanawake kumi na mmoja, dakika kumi na mbili kila mmoja,
mara siku ishirini na mbili.
"Unaona unachomwaga kila mwezi?"
Nikaona. Mimi ndiye ninayelipa umeme,
ninayewadai Wajerumani pesa za soli za Machi.
Nikamwambia nitampigia Ijumaa.

Alhamisi nilikuwa na safari ya kumtazama Hajrija.
Miaka kumi na tisa alishona visigino kwangu,
na saa nne kamili aliweka sindano chini
akautia mdila motoni. Hakuna aliyemwajiri kwa hilo.
Sasa macho yamemwisha. Anakaa ghorofa ya tano
ng'ambo ya mto Bosna, na lifti imekufa.

Kwetu Visoko mikono mitupu haibishi hodi.
Lakini ubebe nini? Nikasimama dukani
mbele ya rafu kama mtoto mbele ya ubao.
Kopo la Vienna, kifuniko cha dhahabu:
atasema najionyesha.
Ile ya bei ya chini kabisa:
atasema karakana imefilisika, na mji mzima utasikia.
Punje nzima? Mkono wake hauwezi tena kinu.
Nikachukua robo kilo, ile ya karatasi,
na boksi la sukari ya vibonge.
Robo kilo haimsemi mtu vibaya.

Aliipapasa, akainusa pembeni,
akafungua kabati aiweke.
Mungu wangu! Kabati zima kahawa tupu.
Matanga ya mumewe, macho kupasuliwa, Idi mbili,
kila mgeni na robo yake, zimepangwa kama matofali.
Na pale, safu ya pili, nikaiona:
kona iliyochanika, niliyoibandika mwenyewe
kwa gundi ya viatu, wakati wa theluji,
nikaipeleka msibani kwa Ševala.
Kwa Ševala, si hapa!
Ilitoka kule ikaenda kwa nani,
ikapanda ngazi ngapi, ikapongeza wazazi wangapi,
ikitoa pole, ikitoa shukrani,
na yenyewe haijaonja maji.

Nikacheka. Hakuniuliza kwa nini.
"Naambiwa unanunua mashine."
"Ndiyo."
"Inachukua muda gani?"
"Nusu dakika."
Akaigeuza finjani kwenye kisahani.
"Basi Mersiha atakwambia saa ngapi
kwamba mume ameanza tena kumpiga?"

Ghorofa tano kushuka nilitafuta jibu.
Mersiha, Februari, alichelewa.
Nilimkata mshahara wa nusu siku.

Ijumaa nikampigia muuzaji. Nilichukua ile ndogo,
ya vidonge, ikae ofisini kwa wageni wa mikataba,
wale wanaotazama saa hata wakimeza.
Akanipa punguzo.

Na saa nne nikaweka kalamu chini.
Mdila wa Hajrija ulikuwa bado rafuni,
una vumbi la ngozi.
Alikuwa amenishika mlangoni akanilazimisha
niondoke na ile ya kona: "Chukua, zimenijaa."
Nikaikata kwa mkasi wa ngozi. Imechakaa,
harufu yake ya kuitafuta.
Nikaivuga, nikatazama pembeni, ikafurika,
jiko likatoa moshi, wakanicheka wote kumi na mmoja.
Mersiha akainuka akanipokonya mpini.
"Uiache ishuke kwanza," akasema,
"halafu uirudishe motoni,"
nami, mara ya kwanza tangu Februari,
nikautazama mkono wake, pale shati linapoishia.