Mkono wa Kushoto

Saa kumi na moja alfajiri, Wagga, mwezi wa Julai.
Jalidi imetanda juu ya nyasi kama chumvi juu ya ng'onda,
na mimi, binti wa ghorofa ya kumi na nne huko Singapuri,
niliyemjua ng'ombe kwa picha ya pakiti ya maziwa,
navaa glavu ya plastiki hadi begani.

"Wa kushoto," asema Murray Tonkin, mwenye mifugo.
"Wa kulia ubaki safi, wa kuandikia."

Laiti angejua.
Mkono huu mama aliuchapa kwa mwiko:
usimpokezee mgeni, usilie wali, usimpungie mtu.
Miaka ishirini na miwili umekaa nyuma ya mgongo wangu
ukifanya kazi zisizotajwa mezani.
Leo umepandishwa cheo.

Ndani kuna joto. Hilo vitabu havikuniambia:
kwamba katika baridi hii yote ya malisho
mahali pekee pa kuota moto ni ndani ya ng'ombe.

Wa kwanza, napapasa
kama mtu atafutaye swichi ya taa katika nyumba ya watu.
"Mtupu?"
"Sijui."
"Sijui ni afadhali kuliko uongo," asema, na kumwachia aende.
Wa pili ananinyea mpaka kwapani.
Wa tatu —
ngoja.
Kitu kinaelea, kama ndimu ndani ya puto la maji.
Nakigusa, kinazama,
kinarudi chenyewe kugonga ncha ya kidole.

"Miezi mitatu," nasema, kwa sauti nisiyoijua.
Murray anapaka rangi ya kijani kwenye nyonga.
Hanisifu. "Anayefuata!"

Mbwa wake ameniramba buti na vidole.
Bombani nahesabu maji mara saba, moja kwa udongo;
udongo, alhamdulillahi, hapa haukosekani.
Murray ananitazama nikijipaka tope ili nitakate,
anakuna kofia, hasemi neno.

Mchana, maabara: farasi mmoja, wanafunzi sita,
macho yanachonyota kwa dawa,
majina ya Kilatini ya misuli nisiyoweza kuyatamka
sawa na wao wasivyoweza kutamka Nadirah.

Jioni, njiani kurudi bwenini, Kirralee anafunga breki.
Kangaruu jike, kando ya lami. Gari limempitia zamani kidogo.
"Lazima tuangalie mfuko," asema. "Wako mdogo. Ingiza wewe."
Naingiza wa kushoto, bila glavu.
Huku hakuna joto.
Hakuna mtoto. Iko chuchu moja tu, ndefu kama kamba ya kiatu,
bado inatoa maziwa.
Kirralee anavuta pumzi.
"Basi ameshaanza kutoka. Yuko hapa hapa, karibu."

Tulimtafuta kwa tochi za simu mpaka vidole vikafa ganzi.
Nyasi, waya wa ua, kopo la bia,
nyasi.
Hatukumwona.

Bwenini nilipika sambal, watu wakafungua madirisha wakikohoa,
kisha mmoja mmoja wakaja na vijiko.

Mama akapiga. "Umekula?"
"Nimekula."
"Leo umefanya nini?"
Ya barabarani sikuyasema.
"Miezi mitatu, Mama! Nimeigundua mwenyewe!"
Kimya. Nikasikia feni ya sebuleni kwetu ikizunguka.
"Ya nani?"
"Ya ng'ombe, Mama."
Akacheka hadi akamwita baba aje acheke naye,
akauliza niligunduaje, nikamwambia kwa mkono.
"Upi?"
Nikasema mtandao unakatika.

Nimeunawa mara tatu na bado unanuka zizi.
Taa zimezimwa. Kirralee anakoroma upande wa pili wa ukuta.
Nauhisi ukitembea wenyewe juu ya shuka,
taratibu, vidole wazi,
ukitenganisha majani.