Lita Mbili

Miaka kumi na minne mshale umelala kwenye tupu
kama paka aliyeshiba.
Jaza tangi hadi mafuta yachuruzike kwenye rangi,
umelala.
Na gari linakwenda: Datsun ya rangi ya mtindi,
Kongowea hadi Magongo na magunia manne ya mchele,
na kurudi.

Nyumbani Mikindani mafuta aliyajua baba.
Mbwana akitaka kwenda harusini Kisauni: muulize baba.
Mama akiwa na kliniki: muulize baba.
Naye hutazama dari, akajikuna kidevu,
akahesabu Jumatatu, akahesabu foleni ya Makupa
na mlima wa Changamwe, maana mlima hunywa,
kisha akatoa hukumu: lita saba. Nendeni.
Miaka thelathini aliendesha winchi bandarini.
Na lita zilikuwa saba.

Halafu macho yakaingia ukungu.
Ufunguo ukaja kwangu, hesabu ikabaki kwake,
nami nikazimikiwa Makupa saa kumi na moja alfajiri,
mchele wa watu nyuma,
dereva wa trela akinipigia honi kana kwamba nimemziba pua.
Mara ya pili sikumwambia mtu.

Gereji ya Chengo ni turubai na betri tatu, Jomvu.
Hakuanzia kwenye geji kama nilivyodhani.
Alichomoa waya kule nyuma, akaugusisha bodi.
"Tazama mbele, dada."
Mshale ukaamka. Ukapanda, ukapanda, ukagota juu.
"Huyu si mwongo," akasema. "Huyu ameletewa uongo."

Akafungua tangi kwa kabari ya mti,
chuma kwa chuma hutoa cheche, na cheche haina samahani,
akavuta mkono mwembamba wenye boya la shaba,
dogo kama kopo la rangi ya viatu.
Akalitikisa sikioni mwangu: chwa, chwa, kama dafu.
Tundu lisilopenya hata uzi.
Boya limekunywa kile lilichotumwa kukipima,
likazama, likakaa chini, likatangaza ukame.

Kulikausha, mchana kutwa. Kulilehemu, dakika mbili.
Kisha tukamimina, lita tano, tano,
yeye akiukunja ule mkono kwa koleo, unywele kwa unywele,
mimi mbele na kalamu ya wino, nikichora alama kwenye kioo:
bado! bado! hapo! umepita!
hadi nusu ikawa nusu.

"Na tupu?" akauliza. "Wengi hutaka niwaachie akiba.
Isome tupu, kumbe tano zimejificha."
Nikacheka. Mimi nauza kwa kibaba;
nawajua wote wanaotia kidole gumba ndani ya kipimo.
"Tupu iwe tupu," nikamwambia.
"Nisije nikaizoea huruma yake."

Jioni Mbwana alichungulia kioo, akachukua ufunguo,
akaondoka bila kumuuliza mtu.
Baba, kando ya redio, akaisikia injini ikipinda kona.
"Ana mafuta huyo?"
"Anayo. Geji imepona."
"Aa."
Akazima redio. Kisha akaiwasha tena.

Siku tatu hakulitaja gari.
Ya nne, kiatu kimoja mguuni, nikarudi mlangoni:
"Baba, nitafika Mtwapa na kurudi?"
Akainua uso kwenye dari asiyoiona.
Akahesabu Jumapili. Akamhesabu Mbwana,
ambaye akipanda gari hukanyaga kama anaua nge.
Kidevu kikakunwa pande zote mbili.
"Kumi na moja," akasema. "Nenda."

Nikawasha. Mshale ukapanda polepole, ukatulia
kwenye alama yangu ya wino: tisa.
Nikashusha kioo.
"Kumi na moja kamili, baba!"

Nikapitia kituo cha mafuta kwanza,
nikaongeza mbili.