Kisanduku cha Tatu

Uchaguzi mdogo. Wadi moja ya Wete, diwani mmoja,
sanduku moja juu ya dawati la darasa la nne
ambalo mguu wake mfupi nimeutilia kizibo cha chupa
lisichezecheze mbele ya mawakala.

Ubaoni hesabu ya jana sikuifuta:
pishi saba za karafuu mbichi, zikianikwa zikabaki tatu,
zimepotea ngapi, na zimekwenda wapi?
Swali la pili waliliongeza watoto.
Tume imetoa maelekezo ya kila kitu,
ya ubao haikutoa.

Diwani aliyepita alikufa mwezi wa Rajabu,
akatuachia mtaro nusu:
nusu ya juu ina zege, ya chini ina ahadi,
na maji hayana chama,
yakiteremka huingia kwa kila mtu.

Asaa Shaame, fundi wa Vespa,
kaja na shati lililopigwa pasi hata mikono ikawa na makali.
Bi Mgeni Faki, mshona kofia,
mweka daftari la hisa la wanawake thalathini.
Nyumba zao zimepeana visogo;
chumvi ikimalizika huku, hupitishwa dirishani.
Leo wamesalimiana kwa vyeo:
"Mgombea, hujambo?"
"Sijambo, mgombea."
Kila mmoja akatazama kando asicheke.

Wa kwanza kupiga alikuwa muoka boflo,
unga bado kwenye nyusi.
Kisha watu kumi. Kisha foleni ikakatika.
Sheha akapita mara tatu: "Wamefika wangapi?"
kama mwenye harusi anayehesabu sinia.

Saa nane, mvua.
Mtaro ukajaa, ukapanda ngazi za skuli,
ukaingia kituoni bila kitambulisho.
Mawakala wawili, tangu alfajiri hawajapeana hata maji ya kunywa,
wakalinyanyua sanduku pamoja,
huyu huku, yule huku,
suruali zimekunjwa magotini,
kama wanaopeleka sanduku la bibi harusi.
Niliwaambia walishushe. Hakuna aliyetaka kutangulia kuliachia.

Tulihesabu kwa tochi ya simu, umeme umekwenda zake.
Asaa. Asaa. Mgeni.
Asaa. Mgeni. Mgeni. Mgeni.
Mia mbili na kumi na moja.
Mia mbili na kumi na moja.
Na karatasi moja imebaki mkononi mwangu.

Chini ya wagombea wawili
mtu kachora kisanduku cha tatu,
pembeni yake kaandika MTARO,
na ndani yake katia alama ya vema,
safi, haikugusa mstari,
safi kuliko zote nilizozishika siku ile.

"M," alisema wakala wa Bi Mgeni, "ni ya Mgeni."
"Na A hiyo hapo katikati," alisema mwenzake,
"ya nani, ya mama yako?"
Wakabishana herufi kwa herufi
mpaka ikabaki T na O, hazina mwenyewe.

Mimi nilikuwa naitazama R.
R yenye mguu mrefu, unaojikokota
kama mtu aliyetoka shamba na kuni kichwani.
Ile R naijua. Niliifundisha mimi,
darasa la jioni, ubao huuhuu,
kwa mwanamke aliyeniambia siku ya kwanza:
"Mwalimu, mimi nataka kujua kuandika kitu kimoja tu,
bado sijajua ni kipi."

Sikusema. Kura ni siri.
Nikachukua muhuri, nikapiga IMEHARIBIKA,
na wino ukaanguka pembeni ya neno,
sikuweza kulifunika.

Fomu ikajazwa: wamelingana, utarudiwa.
Asaa na Bi Mgeni waliondoka njia moja,
viatu mkononi,
wakionyeshana penye kina kwa tochi.

Mimi nilibaki kufagia.
Maji yalikuwa yameshuka, yameacha tope ukutani,
mstari mmoja ulionyooka, chumba kizima,
chini kidogo ya dawati.
Jumatatu watoto wataniuliza ni nini.
Nitawapa rula, waupime.