Kifungo chenye Matundu Matano

Jumamosi, soko likikaribia kufungwa,
Bi Nazibrola hushusha bei ya vifungo
kama mtu anayetua mzigo:
lari moja kopo zima, na hakuna kuchagua.
Sichagui. Navuka daraja la Rioni
kopo likilia mfukoni kama njuga.

Nyumbani Gvantsa anaimwaga hazina mezani.
Hiki cha askari aliyeogopa giza.
Hiki cha gauni lililokwenda dansi, likarudi peke yake.
(Hayo ni yake. Mimi ni wa kukata uzi tu.)
Na hiki, cha buluu, kina matundu matano.
Nani hushona kwa matundu matano?
Tumekiweka dirishani, kifikirie wenyewe.

Dada yangu wa Poti huniuliza kila akipiga simu
nawapa nini watoto hawa,
kwa mshahara wa kufua mashuka ya hospitali.
Basi sikia, Eteri.

Wanasema rahisi ni ghali.
Wasemao hawajaokota boksi la jokofu.
Letu lilikuwa meli siku nne, kisha benki,
kisha mvua ikavuja barazani likawa uji,
tukaufinyanga uji ule vinyago vya uso
vikakauka vimenuna,
vyote vinafanana na mkuu wa shule.

Maganda ya vitunguu usitupe.
Bandika jani la kotimiri juu ya yai,
lifunge ndani ya soksi yako iliyochanika,
chemsha. Ukifungua, yai ni jekundu kama tofali
na jani limebaki jeupe, mshipa kwa mshipa.
Zuriko alikataa kulila. Alilala nalo.
Siku ya tisa pua zilituambia pa kulitafuta.

Na Oktoba, mjozi wa jirani ukidondosha,
tunatunga kokwa kwenye uzi, tunazichovya
katika maji ya zabibu yaliyokazwa kwa unga,
tunaning'iniza churchkhela juu ya jiko.
Gvantsa hutunga urefu wa mkono.
Wa Zuriko hufika kidole,
maana kila kokwa moja ya uzi
ina mbili zake za njiani.

Lakini nisikudanganye, Eteri.
Dukani kwa Shota, chini ya ngazi zetu,
kuna gari jekundu la rimoti, lari arubaini na tano.
Zuriko ameacha alama ya pua kwenye kioo,
na Shota, Mungu ambariki, haifuti.
Nilimtengenezea gari kwa pakiti ya maziwa,
magurudumu vifungo, taa vifungo.
Alilizunguka mara mbili.
Akasema taratibu, asiniumize:
"Mama, hili haliendi likiitwa."
Nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Jana kifungo cha buluu hakikuwepo dirishani.
Tukainua zulia, tukapekua mifuko,
Gvantsa akaapa kwa jina la paka.
Ndipo mlango ukafunguka, Zuriko akaingia
ameshikwa mkono na Shota mwenyewe,
shavu moja limevimba pipi.

Alikuwa amekwenda kununua gari.
Alipanda kreti, akaweka kifungo kaunta.
Shota akavaa miwani, akakigeuza kwenye mwanga,
akahesabu matundu, akahesabu tena,
akafungua droo ya fedha, akaitazama muda mrefu,
akaifunga.

"Sikuwa na la kufanya, Manana," aliniambia,
akakitua kifungo kiganjani mwangu
kwa vidole viwili, kama kitu cha moto.

Na Zuriko, bila hata chozi,
akakipokea, akakirudisha dirishani,
akatugeukia kifua mbele
kama mtu aliyegundua leo kwamba ni tajiri:

"Amesema hana chenji."