Mbavu ya Kulia

Kila Juni, kila Desemba, nalala chali
kwenye kitanda cha karatasi, Moshi mjini,
jeli ya baridi chini ya mbavu za kulia.
Dokta Mkunde anasukuma kifaa chake taratibu
kama mtu aliyeangusha ufunguo kwenye majani marefu.
"Vuta pumzi. Ishike."
Naishika.
Kiooni ini langu: shamba la kijivu, usiku wa mbalamwezi.
"Achia."

Sikuumwa. Nilikwenda kumtolea damu shangazi Elinami,
wakaniita pembeni, wakafunga mlango.
Homa ya ini, aina ya B. Huenda tangu siku uliyozaliwa.
Mama, hukujua.
Ulinipa pamoja na uhai, katika fungu moja.

Dokta hahukumu, anauliza tu, kalamu mkononi.
Miaka? Arobaini na mitatu.
Pombe?
Nikazitazama kucha zangu.
Kwenye ukoo, nani aliugua ini?
Baba, nikasema. Kisha nikamkumbuka baba mkubwa Ndekirwa,
tumbo limejaa maji, macho ya njano,
na yule jirani tuliyemwita mchawi
hadi akauza ng'ombe wake akahama.
"Na mahindi, mnayahifadhi wapi?"
Nikacheka. Mahindi?
Hakucheka.
Nikaona gunia la bibi kwenye sakafu ya udongo, masika,
punje zimeota ukungu wa kijani,
naye anazipangusa kwa kanga: kutupa chakula ni dhambi.
Uji ule ulikuwa mtamu.

Krismasi tumerudi Kibosho, magari yamebanana kwenye migomba.
Mdogo wangu Aminieli ananipa kata ya mbege,
povu bado linapumua.
Nikaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima,
nikaipitisha kwa aliyefuata.
"Kaka umeokoka?" Kicheko kikazunguka kuliko kata.
Ningejibu ndiyo, yakaisha.
Nikasema: Baba hakulogwa.

Mafuta ya mbuzi yakadondoka motoni.
Mama akaacha kukoroga.

Tarehe ishirini na saba tukateremka mjini, watu saba,
Aminieli amekunja shati tangu Kibosho, hasemi,
redio imezimwa.
Mwanawe wa mwisho tu ndiye hana cha kuogopa sana:
kadi yake ya kliniki ina mihuri yote ya chanjo.
Wakamwita Aminieli wa kwanza.
Mlango ukafungwa.
Nilikaa kwenye benchi, mkono mbavuni,
na hakuna aliyeniambia nivute pumzi,
hakuna aliyeniambia niishike.